Kijana Ameumia, Kaandikiwa Dawa Kali: Namna ya Kuishika Dawa Isije Ikamshika Yeye

Siku tuliyotoka hospitali mwanangu alikuwa na miaka 16, mfupa wa muundi umefungwa chuma na skrubu, na mimi mkononi nimeshika mfuko wenye vidonge 30. Nesi aliniambia, "Mpe akisikia maumivu," akageukia mgonjwa mwingine. Maneno hayo matatu ndiyo mafunzo yote niliyopewa. Siku ya 9 nikafungua pakti nikakuta vidonge 6, wakati kwa hesabu yangu vilitakiwa viwe 11. Hakuna mwizi aliyeingia. Mwenyewe alikuwa anajichukulia usiku, kimoja kimoja, na nilipomuuliza alinijibu bila kuniangalia: "Vinanituliza kichwa, Mama. Mguu wala hauumi sana."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nitafute kujua. Haya hapa nimeyaokota kwa madaktari, kwa wafamasia na kwa makosa yangu mwenyewe. Namwandikia mzazi au mlezi wa kijana aliyevunjika, aliyechanika kano au aliyepasuliwa baada ya ajali au michezo. Dozi ataipanga daktari wake. Mimi nazungumzia yale yanayotokea nyumbani, saa nane za usiku, daktari akiwa hayupo.

Ijue kwanza dawa uliyoibeba

Kwenye pakti kuna majina mawili: la biashara, kubwa, na la kitaalamu, dogo. Soma hilo dogo. Ukikuta kodeini, tramadoli, morfini, oksikodoni, haidrokodoni, pethidini au fentanili, umeshika opioidi, yaani dawa ya ukoo wa afyuni. Heroini ni ndugu yao. Ikishaingia mwilini hugeuka kuwa morfini. Sisemi hivi ili ukimbie. Mfupa uliopigwa misumari unauma kweli, na kumwacha mtoto alie usiku kucha si ushujaa wa mtu yeyote. Nasema ili usiiweke dawa hiyo kwenye droo moja na vidonge vya mafua.

Opioidi hukamata vipokezi, yaani sehemu za seli ambako dawa hujishikiza, vilivyoko kwenye ubongo, uti wa mgongo na utumbo. Kwa hiyo dawa ileile inayopunguza maumivu ndiyo inayofunga choo, inayopunguza kasi ya kupumua, na inayompa mtu utulivu na raha. Huwezi kuchukua kazi moja ukazikataa nyingine, zinakuja zote. Na ubongo wa kijana bado unajengwa hadi katikati ya miaka ya 20. Sehemu ya kutafuta raha inatangulia kukomaa, ile ya kujizuia inafuata nyuma kwa mbali.

Kodeini na tramadoli zina jambo lao la pekee. Ini ndilo linalozigeuza ziwe na nguvu kamili, na maini hayafanani. Wapo ambao ini lao hufanya kazi hiyo haraka kupita kiasi, dozi ya kawaida ikawa kubwa mno kwao. Wapo ambao haliigeuzi kabisa, watasema dawa ni maji matupu na watakuwa wanasema kweli. Ndiyo sababu mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilizuia dawa hizi mbili zisitumike kwa watoto walio chini ya miaka 12, na tramadoli isitumike kwa walio chini ya 18 baada ya kutolewa mafindofindo. Wale wa miaka 12 hadi 18 wenye unene uliozidi, wanaokatika pumzi usingizini au wenye ugonjwa mkubwa wa mapafu, nao ilishauriwa wasipewe. Kwa hiyo kama kijana wako anakoroma mpaka pumzi inakatika, sema kabla dawa haijaandikwa. Tramadoli pia inaweza kumtia mtu kifafa, na inagombana na baadhi ya dawa za sonona. Kama anatumia yoyote, itaje.

Hatua ya 1: Usitoke hospitalini na mfuko usio na majibu

Uliza haya hata kama foleni nyuma yako inaguna.

"Je, dawa za kawaida hazitoshi?" Si swali la kijinga. Canada mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watoto 134 wa miaka 5 hadi 17 waliovunjika mkono au mguu bila kuhitaji upasuaji. Nusu walipewa ibuprofeni, nusu morfini ya kunywa. Maumivu yalipungua karibu sawasawa, ila wa morfini ndio waliopata zaidi kichefuchefu na madhara mengine. Aliyepasuliwa hali yake ni nyingine, lakini swali bado ni halali.

"Ni za siku ngapi, na siku ya mwisho ni lini?" Mwaka 2024 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu opioidi kwa maumivu ya ghafla nje ya hospitali: dozi ndogo inayotosha, dawa ya kufanya kazi haraka na kuisha badala ya ile inayotoka polepole, pamoja na dawa za kawaida, na kwa kuanzia isizidi siku 5, isipokuwa jeraha au upasuaji unaojulikana kuuma kwa muda mrefu zaidi. Ukiandikiwa za wiki mbili, una haki ya kusema, "Naomba nianze na za siku tatu, zikipungua nitarudi." Mimi sikusema. Vidonge vyangu 30 vingeweza kuwa 12. Chukua kalamu, andika tarehe ya kuisha juu ya pakti hapohapo. Dawa hii ni bora ianze ikiwa na mwisho wake.

"Tunaweza kupata naloksoni?" Hiyo ni dawa inayoiondoa opioidi kwenye vipokezi vyake na kumrudishia mtu pumzi. Mwongozo huohuo wa 2024 unataka familia ipewe pamoja na vidonge. Mahali pengine hutolewa kwa cheti, pengine hununuliwa bila cheti.

Kisha kuna lile ambalo hakuna anayetaka kulisema mbele ya nesi: kwamba kuna baba mdogo aliyezama kwenye pombe, kwamba mtoto alishawahi kuvuta bangi, kwamba mwaka jana alikuwa hali wala halali kwa huzuni. Sema. Halafu toka nje dakika tano, mwache kijana na daktari peke yao, maana yapo mambo yako hata wewe huyajui.

Hatua ya 2: Zungumza naye kabla ya kidonge cha kwanza

Wengi tunafikiri tatizo hili ni la watoto watundu. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2015 ulifuatilia wanafunzi wa mwisho wa sekondari hadi walipofika miaka 19 hadi 23. Waliowahi kupewa opioidi na daktari kihalali walikuwa na hatari ya asilimia 33 zaidi ya kuja kuzitumia vibaya baadaye kuliko wenzao. Wengi wao hawakupata shida yoyote, tusitiane hofu bure. Lililonishtua ni kwamba ongezeko hilo lilionekana hasa kwa wale ambao hawakuwa na historia ya kutumia dawa za kulevya na walioichukia bangi. Watoto wazuri, kwa lugha yetu ya mtaani. Mimi naelewa hivi: yule asiyewahi kulewa chochote, kidonge cha hospitali ndicho kinachomwonyesha mara ya kwanza kwamba hisia zinaweza kuzimwa kama taa. Na kimekuja kimebarikiwa na daktari.

Kwa hiyo usimhutubie. Kaa kitandani kwake, zima televisheni, mwambie mambo manne kwa maneno yako.

La kwanza: dawa nitaitunza mimi, si kwa kuwa sikuamini, ni kwa kuwa hata daktari haruhusiwi kujiandikia ovyo. La pili: ukiniambia inauma nitakuamini, sitakuuliza mara tatu kama unadanganya. (Hili ni gumu kuliko lile la kwanza. Kijana anayeonekana mwongo kila anapoomba dawa ataacha kuomba na ataanza kuchukua.) La tatu: kidonge hiki ni cha mguu. Ukiwa umekosa usingizi, una hasira au unajisikia upweke, niambie pia, ila hayo tutayatafutia dawa yake. La nne: rafiki akikuomba hata kimoja kwa ajili ya kichwa chake, jibu ni hapana, kwa sababu hujui ini lake wala alichokunywa jana.

Hilo la tatu ndilo lililokuwa limemnasa mwanangu, na ndilo ninalotaka ulitazame kwa makini. Kijana mchezaji akivunjika hapotezi mguu peke yake. Anapoteza timu, saa za mazoezi, uchovu mtamu unaoleta usingizi, na nafasi yake kwenye kikosi ambayo mwingine tayari kaivaa jezi yake. Marafiki wanakuja wiki ya kwanza, wanasaini P.O.P (ile plasta ngumu ya mvunjiko), wanacheka, halafu kimya. Analala mchana, anakesha usiku na simu akitazama wenzake wanacheza. Katika hali hiyo kidonge kinachoondoa maumivu ya mfupa na huzuni kwa pamoja kinafanya kazi mbili kwa malipo ya moja. Kama hukumtafutia kitu cha kushika ile kazi ya pili, umemwachia kidonge. Tulichofanya sisi, kwa kuchelewa, ni kumwomba kocha ampe kazi ya kuandika takwimu za mechi. Alikuwa anapelekwa uwanjani na magongo yake, anakaa benchi na daftari. Hakuwa anacheza, ila alikuwa mtu wa timu.

Hatua ya 3: Daftari na kufuli

Nunua daftari la kawaida. Kila kidonge kinapotoka, andika saa, maumivu kati ya 0 na 10 akiwa ametulia na akijisogeza, ulichompa, na vilivyobaki. Ukurasa wetu mmoja, baada ya kuanza upya na daktari, ulisomeka hivi:

Jumanne, saa 2 usiku. Ametulia 4, akiinua mguu 7. Kidonge 1. Vimebaki 5.
Saa 3 na nusu. Amelala. Pumzi 15 kwa dakika.
Jumatano, saa 12 asubuhi. Ametulia 3. Parasetamoli tu.

Safu ya "vimebaki" ndiyo roho ya daftari. Hesabu kwa macho, usihesabu kwa kutoa kichwani. Mimi nilikuwa natoa kichwani, ndiyo maana vitano vilinipita. Na mpe mkononi, ameze mbele yako kwa maji, uondoke na pakti.

Pakti yenyewe ikae chini ya kufuli: kabati, sanduku la chuma, hata begi lenye kufuli la namba. Si kabati la bafuni, si juu ya friji, si mkoba wako unaoachwa kwenye kochi. Tafiti za Marekani zimeonyesha miaka nenda miaka rudi kwamba wengi wanaotumia vibaya dawa hizi hawazinunui kwa muuzaji wa gizani. Wanazipata kwa rafiki au ndugu. Rafiki huyo anaweza kuwa mwanao, na ndugu huyo unaweza kuwa wewe. Kama bibi naye anatumia tramadoli ya mgongo, ya kwake pia ifungiwe.

Shuleni asibebe. Kama kuna dozi ya mchana, zungumza na mwalimu au nesi wa shule, au muulize daktari kama saa zinaweza kusogezwa.

Hatua ya 4: Dawa za kawaida ziwe msingi, hiyo kali iwe nyongeza

Kosa langu jingine: nilikuwa natoa ile kali kwanza, na parasetamoli naiona kama mzaha. Ni kinyume chake. Siku za mwanzo parasetamoli na ibuprofeni hutolewa kwa saa, bila kusubiri maumivu yapande, na opioidi inaongezwa pale tu ambapo hizo hazijafikisha. Zinafanya kazi kwa njia tofauti, kwa hiyo zinaweza kwenda pamoja kama daktari hajakataza.

Vipimo vya kawaida kwa watoto ni parasetamoli miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa dozi moja, saa 4 hadi 6 kati ya dozi na dozi, na ibuprofeni miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kila baada ya saa 6 hadi 8, akiwa amekula. Kijana mkubwa asivuke dozi ya mtu mzima iliyoandikwa kwenye pakti hata kama kilo zake zinaruhusu. Ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, aliyeishiwa maji mwilini, au mwenye pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo. Wapo pia madaktari wa mifupa wasioipenda kwa baadhi ya mivunjiko, basi uliza.

Mtego uko hapa: vidonge vingi vya kodeini, haidrokodoni na hata tramadoli vimechanganywa na parasetamoli ndani yake. Ukimpa hicho na parasetamoli juu yake umemzidishia, na parasetamoli iliyozidi inaua ini kimyakimya. Soma nyuma ya pakti.

Lengo lisiwe sifuri. Mwambie mapema kwamba hatutafuti "hakuna maumivu kabisa", tunatafuta uweze kulala, kula, kufika chooni na kufanya mazoezi ya fiziotherapia. Mguu ukae juu ya mito, juu zaidi ya moyo, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Vitu hivi vya bure watu wanavidharau mno.

Sasa, tahadhari ambayo ningeiandika kwa wino mwekundu: maumivu yanayozidi siku hadi siku si ya kuongezewa kidonge. Kama mguu au mkono umebana kama mpira uliojazwa upepo, vidole vimekufa ganzi, vimepoa au vimebadilika rangi, au anapiga kelele ukimnyoosha vidole tu, rudi hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Inawezekana shinikizo limepanda ndani ya misuli na damu haipiti, na saa chache zinatosha kuiua misuli hiyo. Dawa kali inaweza kukufichia jambo hilo.

Hatua ya 5: Usiku

Opioidi haichanganywi na pombe, dawa za usingizi, diazepamu na jamaa zake, wala dawa za mafua, mzio na kikohozi zinazoleta usingizi. Kila moja inavuta pumzi chini kidogo. Zikikutana zinavuta pamoja. Muulize waziwazi kama wageni wake walileta chochote cha kunywa, bila kufoka.

Kwa usiku wa kwanza au wawili, na kila dozi inapopandishwa, lala karibu naye. Saa moja hivi baada ya kidonge tazama kifua, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Kijana aliyelala huwa kati ya 12 na 20. Zikishuka chini ya 12, mwamshe. Akiamka vizuri akakujibu, mwangalie tu na usimpe kidonge kingine mpaka uongee na daktari. Akiwa mgumu kuamka, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya "Ukimkuta haamki" hapa chini.

Choo kitafunga, anza maji, matunda na dawa ya kulainisha choo mapema, usisubiri siku ya 4 ya mateso. Kuendesha chombo chochote, hata baiskeli, hapana.

Ukimkuta haamki

Dalili ni hizi: haitikii, anapumua polepole sana au hapumui, anakoroma kwa sauti ya maji kooni, midomo na kucha zimekuwa za bluu au kijivu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini.

1. Mwite kwa jina kwa nguvu, msugue mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Akikosa kuitika, ni dharura.
2. Piga namba ya dharura ya mahali ulipo, weka simu kwenye spika.
3. Kama una naloksoni ya kupulizia puani: mlaze chali, ingiza ncha kwenye tundu moja la pua, bonyeza hadi mwisho. Kama tatizo si opioidi haitamdhuru, basi usisite.
4. Hapumui? Inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde 5, kifua kiinuke. Kama unajua kukandamiza kifua na hapumui kabisa, fuata maelekezo ya aliyeko kwenye simu.
5. Baada ya dakika 2 hadi 3 hajabadilika, pulizia dozi ya pili kwenye tundu lingine.
6. Akianza kupumua, mlaze kiubavu, goti la juu limekunjwa, ili akitapika asipaliwe. Usimwache.

Asikudanganye kuamka kwake. Naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90, na dawa aliyomeza inaweza kudumu zaidi. Ikiisha, pumzi zinaweza kushuka tena. Lazima afike hospitali. Na kwa tramadoli naloksoni huondoa sehemu tu ya madhara. Maziwa, kahawa, maji ya baridi, kumtapisha, "mwacheni alale itaisha": yote hayo yanakula muda.

Hatua ya 6: Kushuka

Kama ametumia siku chache tu, huwa hakuna haja ya ngazi ndefu: unaongeza nafasi kati ya dozi, unaacha ya mchana kwanza, ya usiku mwisho, na dawa za kawaida zinaendelea. Akiwa ametumia kila siku kwa zaidi ya wiki moja hivi, usikate ghafla. Muombe daktari ratiba ya kupunguza.

Kwa sababu mwili unazoea. Ukikosa dawa unalalamika: kupiga miayo, makamasi, jasho, vipele vya baridi, kuharisha, mifupa kuuma, kukosa usingizi, hasira isiyo na mwenyewe. Mitaani inaitwa arosto. Kwa dawa za muda mfupi huanza ndani ya saa 8 hadi 24 na huweza kuendelea siku 4 hadi 10. Kijana anayepitia hayo atasema mguu umerudi kuuma, na hatakuwa anakudanganya, kwa sababu kweli unauma. Kama maumivu yamesambaa mwili mzima na pua inatiririka, si mfupa huo.

Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Mwili kuzoea dawa na kupata arosto kunaweza kumtokea yeyote aliyetumia kama alivyoandikiwa. Uraibu ni kuendelea kuitafuta dawa, kushindwa kujizuia, huku ukiona inakuharibia. Mwenye la kwanza anahitaji ratiba ya kushuka. Ukimtendea kama mwenye la pili, utamsukuma aende huko.

Hatua ya 7: Vilivyobaki

Siku ya mwisho ya dawa ndiyo siku ya kuviondoa nyumbani, si "nitavihifadhi, labda vitafaa". Rudisha kwenye duka la dawa au hospitali wanakopokea. Kama hakuna pa kurudishia, mfamasia wako akueleze. Kwa vidonge vingi njia ni kuvichanganya na udongo au majani ya chai yaliyotumika, kufunga kwenye mfuko usiovuja, kutupa, na kufuta jina lake kwenye pakti. Plasta za fentanili hukunjwa upande wa gundi kwa gundi, kwa kuwa hata iliyotumika inatosha kumuua mtoto mdogo, na muulize mfamasia namna ya kuitupa.

Hatua ya 8: Ukianza kuhisi mambo yanakwenda kombo

Ishara nilizozipita mimi: aliniomba dawa kabla ya saa, kila mara, kwa dakika zilezile. Alijua zimebaki ngapi kuliko mimi. Alikuwa mtulivu kupita kiasi jioni na mkali asubuhi. Fiziotherapia alianza kuikimbia, lakini "maumivu" yalikuja saa ya kulala. Nyingine ninazozijua sasa ni hadithi za kidonge kilichodondoka chooni, kutaka kwenda kwa daktari mwingine, mboni ndogo hata gizani, kusinzia katikati ya sentensi, pesa ndogondogo kupotea.

Ishara moja haina maana. Tatu kwa pamoja, kaa naye. Nilivyoanza mimi siku ile ya 9, baada ya kuzunguka jikoni nusu saa nipoe: "Nimehesabu, vimepungua vitano. Sikuja kugomba. Nataka kujua vinakusaidia nini." Neno "teja" lisitoke mdomoni mwako, hata kwa utani, hata ukiongea na dada yako kwenye simu na mlango uko wazi.

Na usikimbilie kumwaga vyote chooni kwa hasira kama ametumia kwa wiki kadhaa. Arosto itampeleka kutafuta nje, na huko kuna vidonge bandia vilivyotengenezwa vifanane na vya hospitali huku ndani vimewekwa fentanili, kiasi ambacho hata muuzaji hakijui. Fungia, endelea kutoa kwa saa, mpigie daktari siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Kama tayari ni uraibu

Uraibu una tiba, na si maombi na kufungiwa chumbani peke yake. Ushauri nasaha unaohusisha familia ndio nguzo, na kwa walionasa sana kuna dawa. Buprenofini imeidhinishwa Marekani kwa wenye miaka 16 na zaidi. Methadoni hutumika pia, kwa masharti makali zaidi kwa walio chini ya 18. Chama kilekile cha madaktari wa watoto kilitoa msimamo mwaka 2016 kwamba vijana wenye uraibu wa opioidi wapewe nafasi ya tiba hizi. Ukiambiwa "huko ni kubadilisha dawa kwa dawa", mjibu kwamba mtu anayeamka, anakwenda shule na hatafuti kidonge gizani amebadilika mengi. Mtihani wa hatari zaidi huja baada ya kuacha: mwili umesahau, na dozi ile aliyokuwa akiimudu mwezi uliopita sasa inaweza kumzimisha pumzi. Kwa hiyo naloksoni ibaki nyumbani hata mambo yakiwa mazuri.

Mwanangu hakufika huko. Alishushwa kwa ratiba ya siku 6, akalala vibaya kwa usiku mitatu, akaamka. Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye tukarudi kutoa vile vyuma. Safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia daktari wa usingizi, kabla ya nusukaputi, kwamba mara ya kwanza alijizidishia vidonge na angependa kutuliziwa maumivu kwa sindano ya ganzi na dawa za kawaida. Daktari aliandika kwenye faili, akasema sawa. Tulitoka na parasetamoli, ibuprofeni na vidonge 4 vya ile kali. Viwili tulivirudisha.